Barua 61 za maombi ya kazi ya usalama wa mifumo hospitalini, zinafanana kama mapacha. Nimchaguaje mtu?

KatibuBuzuruga

Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa afya kwenye hospitali ya taasisi ya dini hapa Mwanza, vitanda 80. Tuliachana na mafaili ya karatasi zamani. Usajili, maabara, dawa na madai ya bima vyote viko kwenye mfumo.

Januari, Jumatatu asubuhi, mapokezi walishindwa kufungua chochote. Mhasibu alikuwa amefungua kiambatanisho cha barua pepe iliyohusu marekebisho ya madai ya bima, chini ina jina la mganga mfawidhi wetu. Zamani barua ya tapeli uliijua kwa Kiswahili chake kibovu. Hii haikukosewa hata nukta, na ilimwita mhasibu "mama" kama mganga anavyomwita. Wadukuzi wakawa wameufunga mfumo wote, siku tatu tukaandika kwenye madaftari. Mama mmoja aliyekuja na mwanawe kwa meli ya asubuhi kutoka Nansio aliambiwa arudie vipimo vya damu, maana majibu ya wiki iliyotangulia yalikuwa yamefungiwa ndani ya mashine. Mkononi alikuwa na nauli ya kurudi tu. Tulimpima bure, lakini uso wake sijausahau.

Bodi imekubali tuajiri mtu, mshahara 1,200,000. Zimekuja barua 61. Tisa kati ya hizo zina sentensi moja neno kwa neno: "Nina shauku kubwa ya kulinda miundombinu yenu muhimu." Kwenye usaili wa video kijana mmoja alijibu kila swali kama kitabu, ila kwanza ananyamaza, macho yanakwenda pembeni, ndipo anaanza kusoma. Nikamuuliza: umeme ukikatika saa nane usiku na jenereta ikachelewa, utakimbilia wapi kwanza? Akakata simu, akasema mtandao mbaya.

Sasa mjumbe mmoja wa bodi anasema tuachane na kuajiri, tununue programu ya akili unde inayojilinda yenyewe. Nimjibu nini? Na huyu mtu nimpateje?

FundiNyakato

Dada katibu, pole sana. Huyo mjumbe msimulie habari ya Ayalandi. Tarehe 18 Machi 2021 mfanyakazi mmoja wa huduma ya afya ya taifa alifungua faili la Excel lililokuja kwa barua pepe. Tarehe 31 Machi programu ya kuzuia virusi kwenye kompyuta ileile ikaona zana za wadukuzi. Iliona! Lakini ilikuwa imewekwa itazame tu, isizuie. Tarehe 13 Mei kampuni ya programu hiyo ikawaandikia kabisa kwamba kuna matishio hayajashughulikiwa kwenye mashine zisizopungua 16. Usiku wa kuamkia tarehe 14 wadukuzi wakafunga mifumo ya huduma hiyo, hospitali zikarudi kwenye kalamu na karatasi, na kuirudisha yote kulichukua zaidi ya miezi minne. Ripoti huru ya Desemba mwaka huohuo ilisema hapakuwa na kiongozi hata mmoja wa ngazi ya juu aliyekabidhiwa usalama wa mtandao. Mbwa alibweka wiki sita, nyumbani hapakuwa na mtu wa kuamka. Programu nunueni mkipata hela, ila kwanza awepo wa kuamka.

Kuhusu usaili, achana na video. Waite hapo hapo hospitalini. Mpe laptopu, mpe nakala rudufu ya mfumo yenye wagonjwa wa kubuni, mwambie: urudishe mfumo, una saa mbili. Akitaka kutumia ChatGPT mruhusu, kazini ataitumia vilevile. Wewe tazama tu kama anahakiki alichoambiwa au anakopi na kubandika.

Kisha mtembeze maabara. Mashine zenu za vipimo nina hakika zina Windows ya kizamani ambayo aliyewauzia mashine hataki iguswe. Asiyejua atakwambia "isasisheni". Anayejua atauliza imeungwa na nini, halafu atataka itengwe kwenye mtandao wake peke yake. Mwaka 2017 WannaCry, programu haribifu inayofunga mafaili na kudai pesa, ilizisumbua hospitali za Uingereza kwa mashine ambazo hazijawekewa kiraka (sasisho la kuziba tundu) kilichokuwa kimetoka miezi miwili kabla.

Mwana_Pasiansi

Naunga mkono kuwaona ana kwa ana. Mwaka 2024 kampuni ya Marekani KnowBe4, ambayo kazi yake ni kufundisha watu usalama wa mtandao, ilitangaza yenyewe kuwa imeajiri mtu wa Korea Kaskazini mwenye utambulisho wa kuiba na picha iliyochezewa kwa akili unde. Alipita usaili wa video mara nne. Laptopu ilipomfikia tu, akaanza kupakia programu haribifu. Wapigie simu wadhamini, na namba zao zitafute mwenyewe.

NesiWaUsiku

Mimi naongea kama muuguzi. Wodini kwetu tulitumia nywila moja watu wote. Kuingia na kutoka kwenye mfumo kulichukua dakika tatu, na mgonjwa anatapika damu. Walikuja maafisa TEHAMA wawili wakatufokea, tukaendelea vilevile. Wa tatu alikesha nasi zamu mbili, akaona, akatutengenezea kadi ya kugusa. Nywila ya pamoja ikafa siku hiyo. Kwa hiyo mama, mlete wodini usiku, umtazame anavyoongea na wahudumu.

Na muulize kuhusu wanaobandika maelezo ya wagonjwa kwenye akili unde ili wafupishiwe. Linafanyika sana. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, na taarifa za afya ni taarifa nyeti.

Mkolani88

Ushauri mzuri, lakini kwa 1,200,000 mtu mwenye ujuzi wote huo mwakani yuko Dar. Hamna mtu wa ndani wa kumsomesha?

KatibuBuzuruga

Mkolani, umenigusa. Tuna binti wa takwimu. Zile siku tatu ndiye aliyeyapa madaftari namba, na mfumo uliporudi aliingiza kila mgonjwa, akilala hapa hapa. Hakuomba kazi hii kwa sababu tangazo langu lilidai shahada, yeye ana stashahada. Leo nimelibandua ubaoni. Jumanne wanakuja watatu, yeye wa nne, wote mtihani mmoja. Nesi, nimeongeza na zamu ya usiku.

Fundi, wagonjwa wa kubuni wangapi wanatosha?

FundiNyakato

Hamsini. Weka na wawili wenye majina yanayokaribiana, kundi la damu tofauti, uone nani atawagundua. Jumanne nitakuwa mjini, nikihitajika nitapita.