Huyu jamaa wa databesi anatuona mafala?

Wakuu, naandika na hasira, msinikague spelingi.

Sitamani hata kumtaja, ni MySQL, yule mwenye logo ya mnyama wa baharini. Jedwali la miamala limevimba mpaka kweri (kuiuliza databesi data) ya mwezi mmoja unaiacha unaenda kusonga ugali unakula unaosha vyombo unarudi bado inazunguka. Nikasema basi niligawe patisheni, yaani vipande, kwa mwezi, si ndo ushauri wa kila mtu? Naandika ALTER yangu safi, amri ya kubadili jedwali, nabonyeza enta, linanirudia kosa 1506: foreni kii (safu inayofunga rekodi ya jedwali hili na ya jedwali jingine) BADO hazikubaliki pamoja na patisheni.

BADO!! Patisheni kaleta toleo la 5.1, mwaka 2008. Mtoto wa mwaka ule saa hizi anaota ndevu. Hata fundi cherehani wa sikukuu hana hiyo "bado".

Yaani nichague, ama muamala usijue mteja wake ni nani ama jedwali lisigawike. Angesema HATAKI ningeelewa. Ananikazia macho ananiambia bado!

Kweri_Nzito: Mkuu ungesoma maelekezo kwanza, yamesema wazi kabisa 😂

mzee_wa_bakapu: Hamia kwa tembo, PostgreSQL. Toleo la 11 jedwali lenye patisheni linaweka foreni kii, la 12 hata majedwali mengine yanaliwekea.

binti_seva: Tembo msimsifie hivyo, mi niko huko. Praimari kii (kitambulisho cha kila rekodi) lazima ibebe safu ya patisheni, id peke yake haitoshi, kwa hiyo kila jedwali linaloelekea pale nalo unalibebesha tarehe. Halafu uje kuiondoa patisheni ya zamani uone anavyokugomea, eti kuna rekodi bado inaitegemea.

mwanzisha uzi: Umeona? Na wewe umeambiwa bado!

Kweri_Nzito: Kwetu foreni kii hatuweki kabisa, programu inajikagulia.

mzee_wa_bakapu: Kumbe ni nyie mnaotuletea miamala ya wateja walioshafutwa, ripoti haibalansi tunakesha.

Kweri_Nzito: Afadhali hiyo mzee. Mfumo niliorithi tarehe zote zimehifadhiwa kama maandishi, kuna mtu kalipa tarehe 31 Februari.

binti_seva: Ndo siku tunayolipwa mshahara kwetu 💀

mwanzisha uzi: Wakuu turudi kwenye 1506 basi

mzee_wa_bakapu: Tulia dogo. Binti, na nyie bosi huwa anasema hela imekwama benki?

binti_seva: Benki gani, kanunua gari! Fungueni uzi wa mishahara nimwage yote.