Rungu si geji ya upepo! Mnaoua tairi za trela Nakuru–Kisumu, hebu tuelewane

Wadau, hii tabia imezidi. Trela imejaa mzigo hadi juu, utingo anazunguka na kipande cha chuma, gonga, gonga, "ziko sawa", safari ianze. Sawa na nini? Tairi ya PSI 120 (kipimo cha nguvu ya upepo) ikishuka hadi 90 bado inalia vilevile ukiigonga. Na hapo imeshapita asilimia 20 chini ya kipimo. Hiyo inatolewa kwenye rimu ikaguliwe ndani, haiongezwi upepo tu.

Tairi pacha ndizo zinazonitia hasira kabisa. Ya nje inapimwa, ya ndani inaachwa kwa kuwa mkono haufiki kwenye nozeli. Si uweke kipaipu cha kurefusha nozeli! Ekseli tatu nyuma zinaruhusiwa tani 24 kwa tairi 12, yaani tani 2 kila moja. Ya ndani ikilala, mwenzake anabebeshwa 4. Hata tofauti ndogo ina madhara: ikizidi PSI 5, ile laini inakuwa fupi kidogo, na kwa kuwa zimefungwa habu moja (kitovu cha gurudumu), inaburutwa kwenye lami. Ubavu unachemka, nyuzi za chuma zinakatika mojamoja, halafu mnalaumu tairi za China.

Nanyi wa pancha pale Salgaa! Lori limeshuka Mau Summit, breki zimechemsha rimu, geji inasoma 135, mnafungulia upepo "isipasuke". Nani aliwafundisha? Tairi iliyoondoka na 120 ikiwa baridi kupanda hivyo ni kawaida. Ukiipunguza ikiwa moto, asubuhi itaamka na 105 hivi, na itachemka zaidi ya jana. Ya kushuku ni ile inayosoma 120 wenzake wakiwa 135.

Pima alfajiri, lori likiwa limesimama saa 3 au zaidi. Fuata jedwali la mtengenezaji kwa mzigo wa ekseli: tairi za saizi ya 315/80R22.5 nyingi ni PSI 120 hivi, zile pana za 385/65 zinaenda hadi 130. Paka mate kwenye nozeli uone kama inatoa povu, kisha funga kifuniko cha chuma. Cha plastiki hakizuii upepo kutoka. Na geji iliyoanguka sakafuni kila wiki, ilinganisheni na nyingine kwanza.

Wenye malori, bei ya geji na ya tairi moja mnazijua. Mbona utingo bado anapewa chuma?

Mwisho, tairi iliyotembea bila upepo mnaijaza nje ya kizimba cha chuma cha kukinga mtu ikipasuka, kijana ameinama mbele ya ubavu! Ubavu ukipasuka hapo, hana pa kukimbilia.