Haskell: 0644 inatoa ruhusa za ajabu

Mdau_Moshi: Wakuu, natumia Haskell (lugha ya programu), nimeita setFileMode, yaani amri ya kuweka ruhusa za faili, kwa 0644. Mwenye faili anaweza kuandika tu, kusoma hawezi! Kosa liko wapi?

Njiro_Arusha: Mkuu, hiyo siyo lugha ya C, ambako sifuri ya mbele humaanisha namba ya msingi wa nane (tarakimu 0 hadi 7), ndiyo ruhusa huandikwa hivyo. Sifuri ya mbele Haskell haiijali: inasoma 644 ya kawaida (msingi wa kumi), ambayo kwa msingi wa nane ni 1204, na hapo 2 ya mwenye faili ni kuandika tu. Andika 0o644 (0o ni alama ya msingi wa nane), yaani 420 ya kawaida.

Sakina: Namba tupu ni mtego. Unda aina yenye Soma, Andika na Endesha. Mwenye faili, kundi na wengine kila mmoja awe na Set (seti ya ruhusa) yake. Kugeuza kuwa namba: Soma 4, Andika 2, Endesha 1; za mwenye faili zidisha kwa 64, za kundi kwa 8, za wengine ziache.

Njiro_Arusha: Naam. Ila FileMode (namba za ruhusa za Haskell) zenyewe ziunganishe kwa unionFileModes, amri ya kuziunganisha biti kwa biti, usijumlishe. Biti (alama ya ruhusa moja) ikijirudia, 4+4 ni 8, yaani 1 ya kundi: kusoma kwa wengine kumegeuka kuendesha kwa kundi.