Mozal ana umeme wa maji, mbona tozo ya kaboni ya Ulaya haimpi nafuu?

Mdadisi wa Bonde: Wakuu, salaam. Tangu 1 Januari 2026 Ulaya wanatoza kaboni kwenye chuma, alumini, saruji, mbolea, haidrojeni na umeme unaoingia kwao. Mozal, kiwanda cha alumini cha Msumbiji, ilijengwa kwa kutegemea umeme wa bwawa la Cahora Bassa. Mbona nasikia hesabu yao ni sawa tu na ya wenzao wa Ghuba wanaochoma gesi?

Kijeba: Mzungu huyo. Kachafua karne mbili, leo anatuletea bili.

Fundi wa Sohar: Bili anaandikiwa muagizaji wa Ulaya, Kijeba, ingawa atakuja kutukata kwenye bei.

Mdadisi, umesikia sawa. Mie nipo mtambo wa alumini hapa Sohar, Oman, upande wa anodi. Kwa alumini na chuma wanahesabu moshi wa uzalishaji wenyewe, umeme haumo. Sie tuna mtambo wetu wa gesi wa megawati 1,000, nao haumo! Kinachohesabiwa zaidi ni anodi, yale madonge ya kaboni yanayoungua taratibu ndani ya tanuri. Tani moja ya alumini inakula kama kilo 400, inatoka hewa ukaa tani moja na nusu hivi. Mozal hivyo hivyo, Iceland hivyo hivyo.

Umeme waliuacha kwa sababu serikali kadhaa za Ulaya zinawafidia wenye viwanda gharama ya kaboni iliyomo kwenye bili ya umeme. Sasa utamfidia wako halafu umtoze mgeni?

Kijeba: Basi Ghuba mmepona.

Fundi wa Sohar: Kwa sasa. Kwenye saruji na mbolea umeme unahesabiwa, na mjadala wa kuuingiza huku upo. Tani ya alumini inataka megawati-saa 14 hivi. Ukiipika kwa gesi, ile moja na nusu yetu inafika kama saba.

Mdadisi wa Bonde: Kumbe Mozal angevumilia tu mpaka umeme nao uhesabiwe.

Fundi wa Sohar: Angevumilia na umeme gani, ndugu yangu? Ule wa Cahora Bassa unauzwa Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, na Mozal alikuwa ananunua kwa Eskom. Mkataba mwisho wake ulikuwa Machi 2026, bei mpya hawakuafikiana, South32, wenye hisa kubwa Mozal, wakatangaza kuusimamisha mtambo. Wallahi hapo kaboni haina mkono, ni bei ya umeme.