Unga wa mlonge na manjano kwa kansa ya ngozi: wauzaji wafungiwe au tunawaonea?

Mkerewe_wa_Nansio (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, bila shaka wengi mmeshatumiwa, jamaa kashika kopo la unga wa mlonge, manjano na mwarobaini "pamoja na mizizi mingine saba", anasema ukinywa siku 40 na kujipaka jioni kansa ya ngozi haikugusi, na kama ishakugusa inakauka yenyewe. Elfu 35 kopo. Pembeni kamsimamisha binti mwenye ualbino anatabasamu. Sasa swali langu: hawa watu wafungiwe kabisa kuuza kitu kwa jina la kansa, au mnaona ni kuwaonea?

Mi nasema wafungiwe, na sababu ninayo nyumbani.

Mdogo wangu wa mwisho ana ualbino. Sisi watu wa ziwani, mama alikuwa anafanya biashara ya dagaa, na dagaa huaniki usiku, ni mchana jua la utosi, mchanga unalirudisha usoni na maji nayo yanalirudisha usoni, huyu binti kaanika dagaa tangu ana miaka saba na kitenge tu kichwani, hakuna aliyetuambia kitu. Alipofika 23 akatoka kidonda mbele ya sikio, kadogo kama punje ya mahindi, kanakauka gamba, gamba linabanduka, damu kidogo, linarudi. Mama akaanza na mwarobaini wa kuponda. Baadaye mama mmoja wa sokoni akamletea unga mweusi kwenye kopo, ndani una manjano na vitu vingine, apakwe asubuhi na jioni, na kweli wakuu pakakauka juu! Tulifurahi, mama alichinja kuku. Miezi minane tunashangilia gamba huku chini yake kitu kinatembea. Siku tunapanda meli kwenda Mwanza shavu limeshavimba na sikio hilo halisikii tena vizuri. Hospitali ya Bugando wakaondoa sikio lote na kipande cha shavu, halafu mionzi. Yu hai, namshukuru Mungu, anauza vocha dukani kwangu. Daktari alituambia kitu kimoja tu, kwamba kangefika kakiwa bado punje kangekatwa kwa ganzi ya pale pale na binti angelala kwao siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mtu akiniambia "dawa za asili hazina madhara" naishiwa nguvu. Mwarobaini haukumdhuru mdogo wangu, ni kweli. Ulimlia miezi minane.

Tabibu_Mizizi

Pole sana mkuu kwa mdogo wako, ila hasira umezipeleka kusiko. Huyo mama wa sokoni sio tabibu. Sisi tuna sheria yetu ya mwaka 2002 na tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, tunasajiliwa, sasa muuza kopo akikosea mnatuchoma wote? Na hizo dripu za kansa mnadhani zimeshuka mbinguni? Vincristine imetoka kwenye ua la Madagaska, hili hili linaota uani kwenu na makaburini, la waridi na jeupe. Taxol ni gome la mti. Mzungu akichemsha gome ni sayansi, babu yangu akichemsha gome ni ushirikina. Halafu wazee wetu walikula mtama na mlenda na samaki wa kuchoma na hizi kansa hazikuwepo, zimekuja na chipsi na soda, mbona hamsemi chipsi zifungiwe?

Nesi_wa_Zamu

Tabibu kwenye ua uko sahihi na nakupa heshima yako. Ila malizia stori. Hakuna aliyepona kansa kwa kutafuna lile ua, ilibidi kitu kimoja kitolewe kwenye jani, kipimwe, dozi ijulikane mpaka nukta, maana ikizidi inaua, na ni ya kwenye mshipa, na tunaitumia zaidi kwa kansa za damu na za watoto, sio kidonda cha jua usoni.

Sasa nikupe mwingine ambao wauza makopo hawausemi. Mnaujua mnyaa, ule wa fensi wenye utomvu mweupe. Kuna ndugu yake mdogo, jani la kawaida tu la shambani, watu huko nje walikuwa wanapaka utomvu wake kwenye chunjua na mabaka ya jua. Wanasayansi hawakudharau! Wakautoa ule utomvu, wakaujaribu kwa watu, 2012 ukaanza kuuzwa kama jeli ya kupaka mabaka yanayoelekea kuwa kansa. Mwaka 2020 Ulaya wakaitoa sokoni, maana waliofuatiliwa walionekana kupata kansa ya ngozi zaidi pale pale walipopaka. Hiyo ni dawa ya asili iliyopimwa, ikapita, ikaendelea kupimwa, ikakamatwa. Ya kwenye kopo nani anamfuatilia aliyepaka? Akifa anazikwa Ukerewe na klipu inaendelea kutembea.

Na mnyaa wenyewe jamani msipake kwenye kidonda, unaunguza na ukiingia jichoni unaweza kupofua. Ndimu pia. Najua wengi mnasugulia ndimu usoni "kutoa madoa", ndimu ikikutana na jua inaunguza ngozi vibaya mno, kwa mwenye ualbino usiseme.

Kuhusu wazee kutokuwa na kansa, nani aliwapima? Bibi akifa na kidonda usoni mlisema karogwa.

Mama_Bustani

Naomba niulize bila kupigwa mawe. Dawa sawa, tuziache, lakini chakula je? Mi nina mjukuu mwenye ualbino, miaka mitano, nampa juisi ya karoti kila siku kwa sababu nilisikia inajenga ngozi isiungue. Nako nakosea?

Nesi_wa_Zamu

Hukosei bibi, mpe karoti, ni chakula kizuri na macho yake yanaihitaji kama ya mtoto yeyote. Ila usiihesabu kama kofia. Hili la karoti limepimwa kweli kweli. Marekani walichukua watu 1,805 ambao walishawahi kupata kansa ya ngozi, nusu wakapewa vidonge vya kile kitu cha karoti miligramu 50 kila siku, miaka mitano, majibu yakatoka 1990: hakuna tofauti, kansa mpya zilikuja sawa tu kwa waliomeza na wasiomeza. Australia nako wakafanya kwenye mji mmoja wenye jua kali, wakawagawa watu, wengine vidonge vya karoti, wengine losheni ya jua kila siku. Majibu ya 1999, karoti haikufanya kitu, losheni ikapunguza ile kansa ya magamba kwa karibu asilimia 40. Na hiyo ya magamba ndiyo hasa inayowamaliza wenye ualbino huku kwetu.

Kwa haki niseme kipo kimoja cha kumeza kilichoonyesha kitu, vitamini B3 ya aina ya nikotinamidi, Australia tena, 2015, miligramu 500 mara mbili kwa siku, kansa mpya zilipungua asilimia 23 kwa watu waliokwisha kupata kabla. Wakiacha kumeza faida inaisha. Na dozi hiyo huipati kwenye karanga hata ule debe.

Mama_Bustani

Asante mwanangu. Kofia anavua, ndio shida yangu.

Tabibu_Mizizi

Hao wa Australia ni wazungu. Mwili wa Mwafrika sio wa mzungu.

Nesi_wa_Zamu

Mwili wa Mwafrika unalindwa na melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi. Mwenye ualbino ndiyo hana hiyo hiyo melanini, sasa wewe unamlinganisha na nani? Na kuhusu manjano kabla hujaileta: ndiyo, maabara inaua seli za kansa kwenye kisahani. Hata Jik inaua.

Kofia_Pana

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mi mwenyewe nina ualbino, miaka 34, fundi cherehani, Moshi. Mnatuongelea vizuri lakini ngoja niwaambie hiki mnachokipigania kinavyoonekana ukiwa ndani yake.

Mlonge nimenyweshwa. Maziwa ya mbuzi nimepakwa. Mafuta ya nazi nimepakwa nikapelekwa shamba kama kitumbua. Kila shangazi ana yake, na hakuna shangazi hata mmoja aliyewahi kuninunulia kofia yenye ukingo, wanaleta kapelo, kapelo inaacha masikio na shingo nje na ndiko vidonda vinaanzia. Kinachonifikisha 34 ni mikono mirefu, kazi ya kivulini, kutotoka saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni kama si lazima, losheni, na kwenda kukaguliwa ngozi kila baada ya miezi michache. Mara nne wamenichoma mabaka kwa ile baridi kali, inauma kama siafu dakika mbili, narudi kwenye cherehani. Chakula nakula kama nyie. Makande.

Losheni yenyewe ipo, Kilisun, inatengenezwa hapa hapa Moshi pale hospitali ya KCMC, imetungwa kwa ajili yetu na inagawiwa kliniki. Lakini kuna watoto vijijini wanaiona tarehe 13 Juni tu, siku ya ualbino duniani, mheshimiwa anakuja anapiga picha anakabidhi chupa, chupa inaisha baada ya wiki tatu na mheshimiwa anarudi mwakani. Sasa katikati hapo miezi kumi na moja nani yupo pale kijijini? Muuza kopo yupo. Mnisamehe mleta mada, mi simpendi, lakini mkimfungia hiyo nafasi itabaki wazi vile vile.

Mwana_wa_Kibokoni

Nduguzanguni, mimi niko Mombasa, huku kwetu serikali hutoa losheni bure kupitia baraza la watu wenye ulemavu kwa hivyo hilo la kugawa lawezekana. Lakini msije mkadhani maradhi haya ni ya wenye ualbino peke yao. Sisi weusi hutupata kwingine, chini ya wayo, chini ya ukucha, huko ambako hapana jua. Bob Marley, mwaka 1977 alionekana nayo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, madaktari wakataka kukata kidole, akakataa kwa imani yake, wakatoa ukucha na nyama kidogo. Ilipoenea akaenda Ujerumani kwa daktari mmoja akimtibu kwa lishe na mambo yake mbadala, miezi. Akafa Mei 1981 na miaka 36. Na mtu yule pesa alikuwa nazo, si kama alikosa nauli.

Halafu kidonda ndugu. Mzee ana kidonda cha mguu miaka ishirini, au kovu la moto la zamani lililochimbika tena, kila mmoja ampa majani yake. Vidonda vya namna hiyo hugeuka kansa, kikianza kuota nyama na kunuka msimpe jani, mpelekeni akatwe kinyama kipimwe.

Konda_Mstaafu

Kufungia hakusaidii bana. 2011 mi nilikuwa napeleka abiria Samunge kwa Babu wa Loliondo, yule mzee wa dawa ya mizizi, kikombe cha dawa shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita, vigogo na walalahoi wote mle. Nilibeba wagonjwa wa kansa waliotoroka wodini. Wengine sikurudi nao. Ungemfungia Babu wiki ile wananchi wangekuchoma moto. Watu hawakuwa wajinga, walikuwa wamechoka.

Mkerewe_wa_Nansio (mleta mada)

Konda hapo umenigusa. Na Kofia_Pana nakubali kwamba kufungia peke yake ni kazi nusu. Ila sirudi nyuma kwenye neno KANSA. Auze mlonge kama mboga, auze manjano ya pilau, aandike "inaongeza damu" kama anaweza kuthibitisha. Akiandika kansa kwenye kopo, kopo likamatwe. Tabibu, wewe umesajiliwa, akija mtu kwako leo ana kidonda kinachotoka damu na hakijapona mwezi mzima, unafanyaje?

Tabibu_Mizizi

Kusema ukweli? Namwambia aende hospitali. Nimeshawaambia wawili mwaka huu. Mmoja akanitazama akasema babu, hapa nina elfu mbili na mia tano, nipe cha elfu mbili na mia tano.

Kofia_Pana

Ukampa nini?

Tabibu_Mizizi

Mshubiri. Nikamwambia apoze maumivu tu, kidonda kikikauka asidhani amepona. Sijui kama alinielewa, hajarudi.

Mkerewe_wa_Nansio (mleta mada)

Akirudi mtumie kwangu Nansio, nauli ya meli sitashindwa na najua mlango wa kuingilia. Mlioniuliza inboksi jina la ule unga mweusi, haukuwa na jina, hata lebo haukuwa nayo. Kopo bado lipo dukani, mdogo wangu anawekea chenji.