Kiharusi nikiwa na miaka 36: nirudi kazini sasa au nisubiri mkono upone?

Karani wa Kisauni aliuliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, na kwa miaka 11 nimekuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Miezi 7 iliyopita, nilipokuwa nikitawadha kwa ajili ya swala ya alfajiri, kata ya maji ilinidondoka mkononi, na nilipotaka kumwita mke wangu, kilichotoka kinywani hakikuwa neno. Hospitalini tuliambiwa kuwa mshipa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, na kwamba chanzo ni presha, ambayo sikuwahi kuipima hata mara moja kwa kuwa niliihesabu kuwa maradhi ya wazee.

Leo natembea kwa bakora. Mkono wa kulia unainuka hadi kifuani, lakini vidole havishiki kalamu, na maneno hunitoroka hasa nikiharakishwa: naiona hati, naijua kazi yake, jina lake silipati. Yasiyoonekana na watu ndiyo yanayonitesa zaidi. Ifikapo saa nane mchana huwa nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi, na mara nyingine machozi hunibubujika mbele ya wanangu kwa jambo lisilo na uzito wowote. Mama yangu, kwa mapenzi yake, anaamini kuwa ni upepo mbaya, na ameshaniletea waganga wawili. Mke wangu anauza nguo ili tulipe kodi ya nyumba, wala haniambii anavyochoka.

Sasa mwajiri ameniita mara mbili. Anataka nirudi mwezi ujao kwa saa zote za kazi, au nitie saini barua ya kuacha kazi kwa hiari, ambayo wao wenyewe wameshaiandika. Daktari mmoja naye aliniambia kuwa baada ya miezi 6, kilichorudi ndicho hicho. Je, nirudi hivi nilivyo, au nisubiri mkono upone? Na ikiwa hautapona, nasubiri nini?

Mama Mahamri, Majengo:

Waalaykumu salaam, kaka yangu. Mimi nilipata kiharusi nikiwa na miaka 29, siku ya tisa baada ya kujifungua, presha ya uja uzito ikiwa haijashuka. Mtoto wangu na mkono wangu wa kushoto walianza kujifunza kushika vitu wakati mmoja, na mtoto akautangulia.

Nami nilisubiri. Mwaka mzima sikuingia jikoni, nikisema kuwa nitaingia mkono ukirudi, mpaka siku moja wifi yangu alipochoka kunipikia, akaniwekea sinia ya unga mbele yangu na kuondoka. Nililia, kisha nikaanza. Kitambaa kibichi chini ya bakuli hulizuia lisiteleze. Fundi seremala alinigongomea misumari miwili kwenye ubao, nikawa nachomeka kitunguu hapo na kukikata kwa mkono mmoja. Nazi, ambayo kwenye mbuzi hutaka mikono miwili, naipeleka ikakunwe kwa mashine sokoni. Mkono mgonjwa niliupa kazi ndogondogo, kama kuegemea sinia au kubana mfuko wa unga, na ni katika kazi hizo ndipo kidole gumba kilipoanza kupata nguvu. Ni miaka 6 sasa na mkono haujarudi kama ulivyokuwa, ila wanaonunua mahamri hawalijui hilo.

Uchovu nilipigana nao ukanishinda, kwa hiyo kazi nzito zote namaliza kabla ya saa nne asubuhi, kisha nalala bila kumwomba mtu radhi. Kuhusu machozi, waeleze watoto kuwa ni jeraha la ubongo, kwani wangu walidhani kuwa nimewachukia. Hata hivyo, ikiwa huzuni ipo kweli na haiondoki, mwambie daktari, maana hiyo nayo huja na kiharusi na ina tiba yake.

Mnyoosha Viungo:

Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, na kauli hiyo ya miezi 6 huniudhi kila ninapoisikia. Ni kweli kuwa mengi hurudi katika miezi 3 ya mwanzo na kwamba baada ya hapo mwendo hupungua, lakini kupungua si kusimama. Sehemu za ubongo zilizosalimika hujifunza kwa kurudiarudia, tena hujifunza kile kile kinachorudiwa: anayekunja vidole hewani huwa hodari wa kukunja vidole hewani, ilhali anayetaka kuandika hana budi kushika kalamu, iliyozungushiwa kitambaa ili iwe nene, mara nyingi kila siku. Mkono mzima ukiachiwa kufanya kila kitu, ule mgonjwa husahau hata kidogo ulichobakiwa nacho.

Watu wa nyumbani wasikuinue kwa kuuvuta mkono huo, kwa sababu misuli inayolishikilia bega imelegea na bega huweza kuteguka. Mama akitaka kukukanda, akukande taratibu, lakini asitumie maji wala mafuta ya moto upande usiohisi vizuri. Nimewaona watu waliobabuka bila kujua. Dua zisomwe na heshima yake ibaki, ila dawa ya presha usiiache hata siku moja, maana kiharusi cha pili ni cha kuogopwa kuliko mkono huo. Ramadhani ikikaribia, mwone daktari mapema akupangie dawa kati ya futari na daku, au akuambie usifunge. Na unapotafuta neno, wasikumalizie sentensi, wangoje.

Mzee wa Makupa:

Usitie saini barua hiyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Likizo ya ugonjwa iliyo katika kifungu cha 30 ni fupi, siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka, lakini hicho ni kiwango cha chini, kwa hiyo usome mkataba wako. Mjibu mwajiri kwa maandishi, uambatanishe barua ya daktari na uombe saa chache.

Kisha ujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kupimwa na madaktari wa hospitali ya serikali. Ukishasajiliwa unaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Mimi niliona haya kuitwa mlemavu, nikalikwepa jina hilo kwa miaka 2, na kwa miaka hiyo 2 nililipa kodi ambayo ningesamehewa.

Karani wa Kisauni:

Nawashukuru sana. Barua nimeirudisha bila saini, pamoja na ombi la kufanya kazi kuanzia saa mbili hadi saa sita, upande wa kukagua hati, mbali na wateja wanaoharakisha. Ombi nililiandika kwa mkono wa kushoto, lakini sahihi niliitia kwa wa kulia, kalamu ikiwa imeviringishiwa kitambaa, na ilikuwa kama ya mtoto wa chekechea. Bado sijajibiwa. Mama Mahamri, misumari ya ubao huo ni ya inchi ngapi?

Mama Mahamri, Majengo:

Inchi mbili, isiyoshika kutu. Mwambie fundi aigongomee kutoka chini, ncha zitokee juu, na ukimaliza kukata uchomeke kizibo.