Refa wa chesi Kigoma ametuamulia kwa sheria za drafti

Wakuu, hili jambo nimejaribu kulimeza siku tatu, limegoma.

Jumamosi kulikuwa na mashindano ya chesi Kigoma mjini. Nilitoka Kasulu alfajiri, nauli yangu, kiingilio changu. Mchezo wa mwisho nilihitaji nusu pointi tu, yaani sare, niingie tatu bora.

Tulifika hapa: mimi nyeupe, mfalme b8 (herufi ni mstari wa kusimama, namba ni safu ya kulala), askari c7, bado hatua moja awe malkia. Mwenzangu ana malkia, mfalme wake yuko h3, mwisho kabisa wa ubao. Akaweka malkia b6, cheki, yaani mfalme wangu kashambuliwa. Alitaka niingie c8, mbele ya askari wangu mwenyewe, nimzibie njia, ili yeye apate nafasi ya kusogeza mfalme wake. Halafu cheki tena, asogee tena, mpaka afike. Sikuingia. Nilikwenda kona, a8. Akamla askari, malkia akatua c7.

Tazameni ubao. a7 inalindwa na malkia, b7 inalindwa, b8 inalindwa. Hapo nilipo sina cheki. Kete nyingine sina hata moja, na zamu ni yangu. Hiyo ni stelimeti, sare. Nikasimamisha saa, nikaita refa.

Akauliza, "Una pa kwenda?" Nikamwambia sina. "Basi umefungwa." Akaandika sifuri kwenye jina langu.

Jamani, hiyo ni drafti! Kwenye drafti kete zikizibwa zote umepoteza, kila kijiwe kinajua. Chesi siyo hivyo. Sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, kifungu cha 5.2.1, kinasema mwenye zamu akikosa hatua halali na mfalme wake hayuko kwenye cheki, mchezo ni sare. Nikaomba nimfungulie kwenye simu asome mwenyewe. Akasema simu ni marufuku ukumbini.

Mratibu naye akaongeza: "Kijana, mwenzako ana malkia, wewe una askari, unabishia nini?" Hapo ndipo nilipoumia. Sikudai ushindi. Na askari wa safu ya saba hawafanani! Angekuwa kwenye mstari wa b, d, e au g, ningempa mwenzangu mkono bila ubishi, maana pale malkia anakulazimisha uingie mbele ya askari wako, na kila ukiingia mfalme wake anapiga hatua moja. Lakini c na f una kona ya kukimbilia, kama nilivyofanya. Na a na h mfalme anakaa kona mbele ya askari wake. Malkia akiacha kupiga cheki ili mfalme wake asogee, wewe huna hatua, sare. Mfalme wake angekuwa karibu, sawa, mambo mengine. Wangu alikuwa h3!

Haya nimeyasoma usiku kwa tochi ya simu, kwenye ubao niliouchora juu ya boksi. Halafu mtu aliyepewa kazi ya kuamua hajui hata stelimeti. Na watoto wa shule walikuwa wameizunguka ile meza, wameondoka wakijua kwamba nilifungwa.

Karatasi ya hatua ninayo, imeandikwa mpaka hatua ya mwisho, na mwenzangu ameweka saini. Mwenye cheti cha uamuzi humu anisaidie: rufaa napeleka kwa nani, na nina siku ngapi?